Kidimbwi cha Bi Sikudhani na Kosa la Kutovuja

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwamba naogopa. Kibali changu cha kulitaja kiliisha muda wake mwezi wa Machi, na karani anayehusika yuko likizo. Itoshe kusema ni nchi njema, yenye amani, ambamo kila raia anamwangalia mwenzake kwa mapenzi ili asije akadhurika kwa kutoonekana. Mimi ni mjumbe wa nyumba kumi katika Mtaa wa Ukweli B. Kazi yangu ni kuona. Nimeona kwa miaka kumi na saba na nina cheti.

Kwa hiyo ninayoyasimulia si uvumi. Nilikuwepo, na pale ambapo sikuwepo nilikuwa nyuma ya ua.

Katika nyumba inayopakana na yangu anakaa Bi Sikudhani, mkunga mstaafu wa zahanati yetu, pamoja na mumewe, Mzee Mbwana. Mzee huyu alikuwa fundi wa mitambo ya maji, mtu wa maneno mengi na utani usio na breki, mpaka asubuhi moja kiharusi kilipompiga akinyoa ndevu. Mkono wa kulia ukalala. Maneno nayo yakaondoka yote, hata salamu. Tangu hapo alikuwa akishinda barazani kwenye kiti cha kamba, akiutazama ukuta wa jirani. Ukuta huo ni wangu. Niliandika taarifa.

Daktari alimwambia Bi Sikudhani, "Mtafutie kitu kinachocheza akitazame. Ukuta haumrudishii mtu chochote." Bi Siku akafikiri siku mbili, kisha akashika jembe na kuanza kuchimba mbele ya baraza. Alitaka kidimbwi kidogo tu, hatua tatu kwa nne, kina cha kufika mapajani. Angeweka perege wachache na mayungiyungi, ili mumewe, aliyeishi na maji maisha yake yote, ayaone tena yakitikisika. Aliniambia hivyo mwenyewe juu ya ua, nami nikaandika kama alivyosema. Nilichoongeza ni alama ya kuuliza mwishoni.

Shimo lilipokamilika akamimina ndoo kumi na mbili. Kabla ya adhana ya adhuhuri halikubaki hata tone. Ardhi ya mtaa wetu ni ya kichanga, inakunywa kama msafiri aliyetoka jangwani.

"Mjumbe," akaniita, "wewe unajua mengi. Nitandike nini humu chini maji yasipotee?"

Msomaji wa nchi nyingine ataliona swali hilo kuwa dogo. Kwetu kila kitu kinavuja na tumezoea. Paa la Wizara ya Mapaa linavuja. Mabomba ya mji yanavuja kwa ratiba, Jumatatu upande wa mashariki, Jumanne upande wa magharibi. Mitihani huvuja wiki mbili kabla ili watoto wasishtuke. Hotuba za Mlezi Mkuu wa Taifa huvuja kabla yeye mwenyewe hajazifikiria. Sasa mtu akisimama mchana kweupe akatangaza kwamba anataka kitu kisichovuja, lazima ujiulize: huyu anataka kuficha nini humo?

Nilimshauri aende dukani. Kisha nikamfuata, kwa bahati, nikiwa na daftari.

*

Hemedi Pipa anauza vifaa vya ujenzi karibu na soko. Bi Siku akamwambia anataka nailoni nzito, ile watu wanayoanikia mahindi.

"Rangi gani, bibi?"

"Nyeusi. Ndiyo isiyoliwa na jua upesi."

Hemedi akaweka mkasi chini. "Ya kazi gani?"

"Ya kutandika shimoni."

"Shimoni," akasema Hemedi. "Nyeusi." Halafu akaomba radhi kwamba anaingia stoo mara moja kutafuta roli zuri, akakaa humo stoo mpaka gari la serikali lilipofika.

Aliyeshuka ni Mheshimiwa Ponsiano Luhende, Kamishna Msaidizi wa Mashimo na Vifuniko, mtu mrefu anayeongea kana kwamba kila neno lake linachongwa kwenye jiwe la msingi. Nyuma yake alikuja karani wake, Fidea, msichana mkimya anayeandika kila kitu mpaka kikohozi.

"Mama, shikamoo," akasema Kamishna. "Nani amekufa?"

"Marahaba. Hajafa mtu."

"Basi nani anatarajiwa? Nyeusi ni msiba, na shimo tumeshaambiwa lipo. Serikali ina haki ya kujua msiba wa raia wake mapema, hasa kama marehemu ni mtu mkubwa."

Bi Siku akamtazama kama alivyokuwa akiwatazama waume waliozimia mlangoni mwa chumba cha uzazi. "Nataka kufuga perege, baba."

"Perege." Kamishna akamgeukia Fidea. "Andika kwamba amewataja perege bila kushinikizwa."

"Kama nyeusi ni tatizo, nitachukua ya kijani."

Hemedi, aliyekuwa ametoka stoo, akarudi stoo.

"Kijani," akasema Kamishna taratibu, "ni rangi ya Chama. Unataka kukilaza Chama chini, ukimwagie maji, halafu samaki wakifanyie haja zao?"

"Basi hiyo isiyo na rangi, inayoonyesha upande wa pili."

Kamishna akafumba macho kama aliyechomwa sindano. "Uwazi," akanong'ona. "Mama huyu anadai uwazi. Fidea, piga mstari chini yake."

Bi Siku akavuta pumzi. Akasema kwamba kama nailoni zote zina siasa, yeye atasakafia kwa saruji yaishe. Hapo Kamishna akatabasamu kwa mara ya kwanza, maana alikuwa akilisubiri neno hilo.

"Saruji ni msingi. Msingi ni wa jengo. Jengo lililo chini ya maji ni la nani, mama? Jirani zetu wa kusini wana nyambizi."

"Mwanangu, kidimbwi changu bata akigeuka mkia unagonga ukingo!"

"Nyambizi ndogo zipo pia," akasema Kamishna. "Hizo ndizo mbaya zaidi."

*

Mtu mwingine angekata tamaa. Bi Sikudhani alikwenda bondeni kwa wafinyanzi, wakampa udongo wao mweusi ule unaonata, mkokoteni mzima, akaurudisha nyumbani. Wafinyanzi walimwambia kwamba ukiukanda vizuri na kuutandaza shimoni, hautapitisha maji. Alikuwa ameushusha robo tu nilipofika pamoja na Kamishna.

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Kusudio la Kutovuja, mwenyekiti Kamishna mwenyewe, katibu Fidea. Wajumbe wengine hawakuteuliwa kwa sababu za usalama. Tume ilikaa ukingoni mwa shimo kwenye viti vya plastiki na kugundua kwamba udongo ni mali ya taifa, na kwamba kuutoa bondeni na kuuleta mtaani ni kuhamisha nchi bila idhini ya Bunge. Ukakamatwa wote. Ukaitwa Kielelezo Namba Nne. Kwa kuwa sheria inataka vielelezo visiondoke eneo la tukio, na shimo lenyewe ndilo lilikuwa Kielelezo Namba Moja, Kielelezo Namba Nne kikamwagwa ndani ya Kielelezo Namba Moja na pakaletwa askari wa kuvilinda vyote viwili.

Kisha Kamishna akapanda barazani.

"Mzee, shikamoo."

Mzee Mbwana akamtazama. Macho yake yalikuwa na unyevu kama kawaida yake siku hizi. Mkono wa kushoto ukainuka kidogo, ukaanguka juu ya paja.

"Amepiga ishara," akasema Kamishna.

"Ana kiharusi," akasema Bi Siku. "Ndiyo salamu yake hiyo. Hata neno maji halimtoki."

"Mama, nimehoji watu walionyamaza siku nzima. Nimehoji walionyamaza wiki. Huyu amenyamaza miezi minane." Kamishna akashusha sauti, na nadhani alikuwa na heshima ya kweli ndani yake. "Mtu huyu anajua jambo zito sana."

Akatangaza kwamba Ijumaa saa tisa alasiri Mzee Mbwana atachukuliwa kwenda Nyumba ya Kumbukumbu, ambako raia husaidiwa kukumbuka. Ni mahali pazuri, nimesikia. Wengi wamesaidiwa pale. Wengine wamekumbuka hata mambo ambayo hayakutokea. Wachache hawajarudi, bila shaka bado wana mengi ya kusema.

Bi Siku akakaa kwenye ngazi. Nilimwona akiificha ndani ya kanga mikono iliyowapokea watoto wote wa mtaa huu, wangu wawili wakiwemo. Niliona vizuri kabisa. Sikuandika. Labda wino ulikuwa umeisha.

Kamishna akanivuta kando na kunipa karatasi iliyopigwa chapa tayari. Ilisema kwamba mimi, mjumbe, kwa siku tofauti nilimsikia Mzee Mbwana akizungumza kwa sauti yake ya kawaida na watu wasiojulikana.

"Tumekuandikia ulichosikia ili usichoke," akasema. "Wewe weka saini tu."

Nikaishika. Nikasoma jina langu, limeandikwa vizuri sana. Mzee Mbwana ndiye aliyenifundisha kufunga koki ya bomba mwaka tuliohamia hapa, akinitania mpaka mke wangu akalia kwa kicheko. Nikamwambia Kamishna kwamba bila miwani sioni pa kusaini, nikaomba ruhusa nikaitafute nyumbani. Niliitafuta kuanzia Jumanne hiyo. Niliitafuta chini ya kitanda na ndani ya mtungi, nikiwa nimeivaa.

*

Askari walikuwa wawili mwanzoni. Jioni Kamishna akapata wasiwasi juu yao, akaleta wawili wengine wa kuwaangalia, na Jumatano asubuhi walikuwa tisa pamoja na mkuu wao, Koplo Nyambari. Amri ilisema walinde kutoka ndani, miguu yote miwili ikiwa shimoni, kwa sababu askari mwenye mguu nje huenda analinda kitu kingine. Hebu fikiria watu tisa wenye buti ndani ya shimo la hatua tatu kwa nne. Mmoja akitaka kujikuna, wote walilazimika kugeuka.

Mchana mvua za vuli zikafunguka. Askari walilowa mpaka mifupa, na Koplo, mtu mwema, akawachezesha gwaride papo hapo ili wapate joto. "Kushoto! Kulia! Kushoto! Geuka!" Udongo wa wafinyanzi ukawa unapondwa na kubonyezwa chini ya buti kumi na nane kama unga wa maandazi chini ya ngumi za mpishi wa harusi. Walipochoka kusogea mbele walikanyaga kwa visigino. Walipofika ukutani walizikanyaga hata kingo. Bi Sikudhani akawaletea chai ya tangawizi kwenye sinia, akaipitisha kwa kuinama.

"Kunyweni, wanangu. Mtapata homa."

"Ahsante, mama," akajibu Koplo. "Lakini hatujapokea."

Alhamisi haikukatika hata dakika. Kila saa Koplo alituma taarifa kwa Kamishna: "Shimo liko salama. Hakuna maji." Hakuwa mwongo. Fomu aliyopewa ilikuwa na nafasi ya kuandika watu, silaha na vipeperushi, maji hayakuwemo. Yalipofika kwenye vifundo aliandika hakuna maji. Yalipofika magotini aliandika hivyo hivyo, akiishikilia fomu juu ya kichwa. Yalipofika mapajani, askari walipanda nje kwa kufuata vyeo.

*

Ijumaa jua likatoka. Gari lililokuja kumchukua Mzee Mbwana lilisimama getini mapema, saa nne asubuhi, na Kamishna akashuka amevaa sare ya sherehe. Mzee alikuwa barazani. Bi Siku alikuwa amemvisha kanzu safi na kumfungia nguo nyingine kwenye kanga, na alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akiushika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili.

Kamishna akafika ukingoni.

"Hayo ni nini?"

"Hakuna kitu, afande," akajibu Koplo.

"Yanang'aa."

"Ndiyo, afande."

Kamishna akatafakari. Kisha akatoa hotuba fupi. Alisema kwamba maji ya mvua ni mgeni tu, na mgeni hujua muda wa kuondoka. Ardhi ya taifa letu haijawahi kumshikilia mtu kinyume cha sheria. Kwa hiyo, akasema, maji haya yatakuwa yamekwisha ifikapo saa nane, na saa tisa tutaondoka na mtuhumiwa. Viti vikaletwa. Tukakaa kuyazunguka, tukayatazama. Fidea alichomeka kijiti chenye alama.

Saa tano maji yalikuwa kwenye alama. Saa saba yalikuwa kwenye alama. Chura akaja, sijui kutoka wapi, akaingia bila kumwuliza mtu. Saa nane Kamishna akasimama, akakitikisa kijiti akidhani kimekwama.

"Nani ametandika humu?" akauliza kwa sauti ya chini ya kutisha. "Kuna nailoni. Kuna mtu ameingiza nailoni."

Akanigeukia. "Mjumbe! Miwani umeipata?"

"Bado, Mheshimiwa," nikasema, nikiisogeza vizuri puani.

Ndipo Fidea, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akaweka kalamu chini. Akainama, akachovya mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa. "Mheshimiwa, mama yangu ni mfinyanzi. Hakuna nailoni hapa. Udongo umekanyagwa ukakandwa. Ukikandwa namna hii hauvuji."

"Umekanyagwa na nani?"

Fidea alitazama buti za Koplo. Koplo naye akazitazama. Askari wote wanane wakazitazama za kwao, na taratibu, bila amri, wakajaribu kuzificha kila mmoja nyuma ya mwenzake.

Kamishna akasogea ajionee alama za soli ukingoni. Zilikuwa wazi kabisa, na katikati ya kila alama ulikuwepo muhuri wa ghala la serikali. Akainama zaidi ili ausome muhuri. Sasa, udongo wa mfinyanzi ukilowa ni kama mafuta. Guu la kushoto lilitangulia, la kulia likalifuata, na Mheshimiwa Ponsiano Luhende akaingia ndani ya Kielelezo Namba Moja kwa kishindo, na kofia yake ikaelea peke yake mpaka kwa chura.

Ikatoka sauti barazani.

Kwanza nilidhani ni mlango. Ilikuwa kavu, yenye kutu, inakwama na kuanza upya. Mzee Mbwana alikuwa anacheka. Nusu ya uso wake ilicheka na nusu nyingine ikajitahidi, mabega yakatikisika, machozi yakamshuka kwenye kanzu. Bi Siku akazunguka mbele ya kiti, akapiga magoti, akaushika uso ule kwa mikono miwili na kuutazama kwa karibu, kama mtu anayesoma barua. "Mbwana," akasema. "Mbwana wewe."

Kamishna alikuwa amesimama, maji mapajani. "Amesema nini?"

Fidea alikuwa ameshaokota kalamu. "Ha, ha, ha," akasoma.

"Maneno matatu?"

"Manne, Mheshimiwa. Moja amelimeza." Akafunga daftari. "Maelezo yamepatikana. Kanuni inasema mhojiwa akishatoa maelezo hapelekwi Nyumba ya Kumbukumbu."

Kamishna akafungua mdomo kupinga. Lakini kupinga kulihitaji fomu, na fomu ilikuwa na swali linalotaka ofisa aeleze alikuwa wapi wakati maelezo yanatolewa. Akatazama maji yaliyomzunguka. Akafunga mdomo. Askari wawili wakamvuta nje, na gari likaondoka likiwa na nafasi moja tupu.

*

Tume ilikuwa na kazi ngumu baada ya hapo. Ikiandikwa kwamba buti za serikali zimetengeneza kitu kisichovuja, raia wangeuliza kuhusu paa la Wizara. Wengine wangeomba askari wapelekwe kukanyaga bwawa kuu la mji, ambalo lina nyufa tangu siku ya uzinduzi. Tume ikikaa kimya, mtaa mzima ulikuwa umeshaona maji, na kina mama walianza kumwomba Koplo Nyambari, kwa heshima, awapitie na buti zake.

Mwezi mmoja baadaye barua ikaja, yenye mihuri miwili. Serikali ilimpongeza Bi Sikudhani kwa uzalendo wake wa kutojenga kidimbwi. Ilitambua kwamba mbele ya baraza lake hakuna shimo, katika shimo hilo hakuna maji, na katika maji hayo hakuna perege. Mjumbe wa nyumba kumi aliagizwa kukagua kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi na kuthibitisha hali hiyo kwa maandishi.

Jumatatu ya kwanza nilikwenda mapema. Mayungiyungi mawili yalikuwa yamefunguka. Mzee Mbwana alikuwa amesogezwa karibu, kiti chake kikiwa kwenye kivuli, anafuata samaki kwa macho huku na huku. Siku hizi asubuhi hutoa sauti moja, "ma". Bi Siku anasema ni maji. Mimi niliisikia kama mama, lakini sikuombwa maoni.

"Karibu, Mjumbe," akasema Bi Siku. "Utakagua umesimama? Vua viatu."

Nikavua. Nikakaa ukingoni karibu naye, nikatumbukiza miguu. Maji yalikuwa ya baridi, yakinifika chini kidogo ya magoti. Perege mmoja akaja akanionja kidole gumba, akaondoka, akarudi na wenzake. Mzee akatoa ile sauti yake kavu, mara mbili. Niliifungua fomu juu ya goti, nikaazima sinia la Bi Siku niandikie juu yake.

Nikaandika: "Nimekagua. Hakuna kidimbwi." Ilinibidi niandike mara mbili, maana mkono wangu ulikuwa umelowa na wino ulitambaa.